Mgombea alileta magunia kanisani kwetu, na aliyesaini ni mimi

Mtunza Ghala

Bwana asifiwe, na salamu pia kwa ndugu wa dini nyingine mliomo humu.

Ninasali Busia, mpakani na Kenya, upande wetu wa Uganda, ibada ya pili, ile ya Kiswahili. Anayeujua mpaka hatauliza kwa nini tuna ibada ya Kiswahili. Ibada ya kwanza ni ya Kisamia, na inajaa. Ya pili utakuta Mteso, Mjaluo, Mganda aliyefuata biashara, dereva wa lori anayesubiri karatasi zake, na wale wabadilisha pesa ambao hata wakipiga magoti mkono mmoja uko mfukoni. Baba yangu alikuwa akisema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Leo ndicho kinachotukalisha benchi moja.

Mimi si mchungaji. Nauza nafaka sokoni, na nadhani ndiyo sababu wakanikabidhi ghala. Hilo neno ni kubwa kuliko chumba chenyewe: kiko nyuma ya kanisa, mlango wa bati, kofuli moja. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi watu huja na gorogoro, kopo letu la kupimia, ya mahindi au maharage. Asiye nayo huleta mukene, dagaa wetu, kwenye kikombe. Jumatano inayofuata tunasaga na kugawa: wajane, wazee wasio na mtu, na mara mojamoja dereva aliyeibiwa akabaki na suruali tu. Kwenye daftari langu wapo watu 28, na wakizidi sana hufika 30. Kila mmoja hupata kama kilo tano. Hatujawahi kumshibisha mtu, lakini hatujawahi kukosa Jumatano.

Kisha zikaja kampeni. Mgombea simtaji, wala cheo alichokitaka, wala rangi ya chama chake, na naomba msinikisie. Alifika wimbo wa pili umeshaisha. Vijana wake walitangulia kukagua viti. Benchi ya mbele alikuwa amekaa mama mmoja mjane, miguu yake inavimba, na anakaa pale kwa sababu ndipo pekee panapomruhusu kuinyoosha. Mzee wa zamu akamwinamia sikioni. Mama akaokota fimbo yake, akaenda nyuma karibu na mlango. Yakobo sura ya 2, ile ya mtu mwenye pete ya dhahabu na maskini anayeambiwa simama kule, haikusomwa siku hiyo. Heri haikusomwa.

Wakati wa matangazo akapewa maiki. Dakika tano zikawa thelathini na tano. Mwishoni akasema ameguswa na jinsi tunavyolisha watu, basi analeta magunia 20 ya posho, yaani unga wa mahindi. Vigelegele! Nami nilipiga makofi, maana nilishapiga hesabu kichwani: magunia 20 ya kilo 50 ni kilo 1,000, kwetu hiyo ni miezi zaidi ya sita.

Jumatatu lori likaja, na kijana mwenye karatasi mbili. Ya kwanza ya kupokea: jina langu, saini, muhuri wa kanisa. Ya pili ni orodha ya watakaogawiwa, imeshapigwa chapa, majina 110. Nikaisoma nimesimama. Kati ya watu wetu 28 walikuwemo tisa. Wengine ni mawakala wake wa vijiji, vijana wa steji ya boda, mwenye duka la dawa, na mzee mmoja mwenye nyumba ya ghorofa ambaye hata yeye nadhani angeshangaa kujiona humo. Nikauliza. Kijana akasema, "Mzee, hii ni ya kuanzia tu. Watu wako utawapa kwenye baki."

Nikasaini. Hakuna aliyenishika mkono. Lori lilikuwa linanguruma, foleni imeshajipanga hadi barabarani, na nikiwa mkweli, nilipenda kuona jina langu chini ya muhuri.

Baki haikuwepo.

Lakini haya yote bado siyo yaliyoniondolea usingizi. Mwisho wa mwezi ule, Jumapili ya gorogoro, watu walikuja mikono mitupu. Kwa nini walete? Si walisikia kwa masikio yao kwamba ghala lina magunia 20? Jumatano yule mama wa benchi ya mbele akaja na kavera yake, mfuko wa plastiki, imekunjwa vizuri, nikamfungulia mlango aone mwenyewe sakafu.

Mama yangu mzazi alikuwa mlokole wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaingia kwetu miaka ya 1930. Wale walikuwa hawatubu kwa jumla. Walisimama mbele ya watu wakataja dhambi kwa uzito wake: nimeiba sukari, kilo mbili. Basi nami nataja: kilo elfu moja.

Tangu hapo nasoma Matendo sura ya 6 kama mtu anayesoma barua ya deni. Kanisa la kwanza kabisa, mitume wenyewe wapo, na ugomvi unaoanza ni wa chakula. Wajane wanaosema Kiyunani wanarukwa kwenye mgao, wale wa Kiebrania wanapata. Yaani lugha! Kama sisi na ibada zetu mbili. Mitume hawakutafuta mfadhili, na hawakuwaambia wanaonung'unika waende wakaombe. Walisema chagueni watu saba. Tazameni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani. Ghala walilikabidhi upande ule uliokuwa umerukwa. Mimi naiita hiyo siasa, na sioni jina lingine la kuipa, kwa hiyo mtu asiniambie kanisa halina siasa.

Jumamosi baraza la kanisa linakaa. Nimepeleka mapendekezo mawili: mgombea akaribishwe kusali lakini maiki asiishike, na zawadi yoyote iingie ghalani bila orodha ya mtoaji. Mchungaji anasitasita, paa la ofisi yake linavuja na ahadi ya mabati ipo. Mnasemaje?

Dereva wa Malaba

Mzee, nakuheshimu lakini unatuletea uadilifu wa mtu aliyeshiba. Mabati hayana chama. Kanisa la kwetu liliezekwa na mheshimiwa, na mvua ikinyesha hatuulizani nani alimpigia kura. Zile pesa amezitoa wapi? Ni kodi yangu na yako, mafuta ninayojaza kwenye lori kila siku yana kodi. Pesa yangu ikirudi kwa mlango wa kanisa niifukuze? Kula, kisha siku ya kura fanya moyo wako unavyotaka. Kosa lako lilikuwa orodha. Ungesaini ya kupokea, ile ya pili ukaipotezea chooni.

Wakili wa Kijiji

Dereva, kuna jambo dogo. Sheria ya Uchaguzi wa Wabunge ya mwaka 2005 inamkataza mgombea ubunge kufanya harambee au kugawa michango kipindi cha kampeni. Na mahakama zetu zimeshawavua wabunge viti kwa ajili ya hongo. Mzee amesaini na kugonga muhuri. Kesi ikifunguliwa, karatasi ile ni ushahidi na yeye ni shahidi. Chooni haipotei, maana nakala anayo mwenye lori.

Dereva wa Malaba

Sasa hapo umenitisha kidogo.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni wa Tororo, Mkatoliki, nimefundisha katekisimu tangu nywele ziko nyeusi.

Enyi vijana, mnalizungumzia hili kama limeanza na mabati. Sisi tulilelewa tukiambiwa chama cha DP, kilichozaliwa 1954, ni "Dini ya Papa", na chama cha UPC, kilichokuja 1960, ni cha Waprotestanti. Ilikuwa utani lakini watu waliuishi. Ulijua baba wa rafiki yako anapigia nani kura kwa kuona anaelekea kengele gani Jumapili. Kazi, ufadhili wa shule, uchifu, vyote vilipita humo humo. Benedicto Kiwanuka wa DP, Jaji Mkuu, alikokotwa kutoka Mahakama Kuu Kampala mwezi Septemba 1972, askari wa Amin wakamchukua asirudi. Nakumbuka wapo waliosema kwa sauti ya chini, "huyo ni wao." Huyo ni wao! Kana kwamba risasi inauliza cheti cha ubatizo.

Na nyuma zaidi ni aibu kubwa zaidi. Tarehe 3 Juni 1886 pale Namugongo, vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana walichomwa moto pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Kuni zile zile. Kila mwaka tunakwenda kuhiji, wengine kwa miguu kutoka mbali. Sasa niambieni nini kilitokea 1892, miaka sita tu baadaye. Pale Mengo, Wakatoliki walioitwa Wafaransa na Waprotestanti walioitwa Waingereza walipigana kwa bunduki, na Lugard, afisa Mwingereza, akawagawia Waprotestanti silaha. Waliopigana walikuwa jamaa na marafiki wa mashahidi wale wale. Majivu hayajapoa, ndugu zangu.

Katiba ya 1995 ilijitahidi. Ibara ya 7 inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa, na ya 71 inakataza uanachama wa chama kufuata dini. Hilo limesaidia kwenye karatasi za vyama. Kwenye benchi ya mbele halijafika. Tofauti ninayoiona ni kwamba zamani chama kililinunua dhehebu zima, siku hizi mgombea mmoja ananunua Jumapili moja, na bei imeshuka.

Mtunza Ghala, wapelekee hayo mapendekezo.

Kijana wa Steji

Mimi ni mmoja wa hao "vijana wa steji ya boda" walioandikwa kwenye orodha. Sio ya kanisa lako mzee, lakini ni yale yale. Tuliitwa, tukapanga foleni, tukapewa kilo tano tano. Nani alituambia ni ya wajane? Hakuna. Tulikula na maharage, kwisha.

Na niseme jambo. Boda boda ilizaliwa hapo Busia kwenu, ya baiskeli, kuvusha watu mpaka mpaka. Mnatutumia kila siku. Kanisani mnatuona siku ya mazishi tukisindikiza jeneza, tukipiga honi. Nani ameandika jina langu kwenye daftari mwezi ule pikipiki yangu ilipochukuliwa na wenye mkopo? Nililala njaa siku tatu na mke ana mtoto mchanga. Yule mgombea ni mwizi, sawa, lakini aliandika jina langu. Nyie mna orodha ya watu 28 tangu lini? Hakuna anayeingia?

Mtunza Ghala

Kijana wangu, nimekusoma mara tatu. Daftari lile nililikuta. Aliyefariki hufutwa, na anayeingia huwa ameletwa na mzee wa kanisa anayemjua. Wa steji hajawahi kuletwa hata mmoja, na mimi sikuwahi kuuliza. Sina jibu jingine.

Mnubi wa Bombo

Asalaam aleikum. Msidhani ni kwenu tu. Ramadhani ikiangukia karibu na kura, sukari ya futari inakuja na picha ya mtu kwenye mfuko. Msikitini kwetu wazee walikata shauri: kinachokuja kinapokelewa na mtu mmoja mlangoni, jina la mtoaji halitangazwi, na mfuko wenye picha unamwagwa kwenye pipa kabla ya kugawa. Mwaka wa kwanza sukari ilipungua kwa nusu. Tukajua nusu ile ilikuwa ya nani.

Mtu wa Kitgum

Dereva na Katekista wote wameongelea kanisa linalopokea. Niongelee lile lililokataa, maana kaburi lake liko nyumbani kwetu Mucwini.

Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda, la Kianglikana, walimwandikia Amin barua kulalamikia mauaji. Askofu Mkuu Janani Luwum nyumba yake ilikuwa imeshapekuliwa usiku. Tarehe 16 akauawa pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, walichimba kaburi, mwili hawakupewa, ukaletwa kuzikwa kimya kimya kwetu. Watu walikusanyika Namirembe hata hivyo, kaburi tupu, wakaimba. Siku hizi tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa, na viongozi huhudhuria kwa msafara wa magari.

Ila mimi nilikuwa mdogo sana wakati huo. Ninachokikumbuka kwa macho ni kingine. Wakati wa vita vya waasi wa Kony watoto walikuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini Gulu wasitekwe. Maelfu, na blanketi kichwani. Mwaka 2003 Askofu Mkuu Odama, Mkatoliki wa Gulu, na viongozi wenzake wa dini, Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu, walitoka nyumbani kwao wakaenda kulala barabarani na wale watoto, chini, usiku kadhaa. Hakuna aliyebeba gunia. Baada ya hapo walipoiambia serikali na waasi wakae mezani, hata aliyewachukia hakuweza kuwaambia "nyie mnajua nini".

Hapo ndipo naona tatizo la Mzee. Mchungaji wako atamkemeaje mheshimiwa kuhusu barabara mbovu au dawa zisizokuwepo zahanati, na bati la ofisi yake analidai kwa huyo huyo? Kuhani Amazia alimwambia nabii Amosi asitabiri Betheli kwa sababu pale ni hekalu la mfalme. Paa likiwa la mfalme, na ndani mtasema ya mfalme.

Mama Gomesi

Nimesoma wanaume wote mmeeleza vita, katiba, Kiyunani. Asanteni. Sasa naomba kuuliza mambo ya jikoni.

Mzee Mtunza Ghala, umemwandika yule mama mara tatu: miguu yake, fimbo yake, kavera yake. Yeye alisema nini? Hukutuambia, kwa sababu nadhani hukumwuliza.

Na hao saba wa Matendo nimewahesabu, ni wanaume saba. Wajane ndio waliorukwa, na mjane hata mmoja hakupewa ufunguo. Haya, ilikuwa zama zao. Baraza lako lina wanawake wangapi? Kwetu ni wawili kati ya kumi na mmoja, na wote wawili wanaondoka mkutanoni kabla ya mwisho kwenda kupika chai ya mkutano. Ndiyo maana mambo ya ghala yanaamuliwa na watu ambao hawajawahi kupima unga wa kulalia watoto. Mimi nikipewa karatasi yenye majina 110 ningeona kabla ya kusoma kwamba unga hautoshi. Kilo 1,000 kwa watu 110, kila mmoja chini ya kilo kumi, halafu uniambie kuna baki?

Dereva wa Malaba

Mama hapo umemaliza. Lakini bado nasema mabati yapokelewe.

Mama Gomesi

Yapokelewe mwezi wa pili, kura zikishahesabiwa. Tuone kama yatakuja.

Mtunza Ghala

Wapendwa, nimerudi. Baraza lilikaa saa nne nzima.

Pendekezo la maiki limepita, kwa kura moja. Mgombea anakaribishwa, atasalimiwa kama mgeni mwingine, atakaa palipo wazi. Mzee wa zamu alilalamika kwamba yeye ndiye atakayekabiliana na vijana wenye miwani myeusi mlangoni, na ana haki, tumekubaliana wawe wanne. La zawadi limeahirishwa. Mchungaji alisema tusifunge mlango wa baraka, nami nikamwambia mlango ninaousemea ni wa bati na una kofuli. Hakucheka. Si mtu mbaya. Ana watoto watano na ndoo mbili sebuleni zinazokinga maji. Kuna aliyependekeza tuchange paa lile sisi wenyewe, bati moja moja, na waliojiandikisha mpaka sasa ni sita, pamoja na mimi.

La Mama Gomesi nililileta mwenyewe mwishoni watu wakiwa wameshachoka, na pengine ndiyo sababu limepita bila ubishi. Kofuli sasa ni mbili. Ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili anao yule mama. Bila yeye siwezi kufungua. Daftari pia tunaandika upya, na steji imeingizwa kama "kijiji", itajichagulia mtu wa kuleta majina. Wazee wawili wamenuna.

Nilikwenda kwake kumpelekea ufunguo, na nikamwuliza kama nilivyoelekezwa. Alisema posho angeipata hata kwa jirani, amezoea kukosa. Alichotaka kujua ni kama sasa anaweza kurudi benchi ya mbele, au bado kuna wageni.

Jumapili iliyopita ilikuwa ya gorogoro. Zimekuja 19 na vikombe vitatu vya mukene. Kabla ya lori lile tulikuwa tunapata zaidi ya 70. Nimetangaza mara mbili kwamba ghala ni tupu, na bado naona wengine wananitazama kama mtu aliyeficha.

Kijana wa Steji

Mzee, mnagawa Jumatano saa ngapi? Kuna bibi wawili huku kwetu wasioweza kufika. Nije na pikipiki niwapelekee.

Mtunza Ghala

Saa nne asubuhi. Kamba uje nayo, zetu zimeoza.